Mbu Ameuma, Mtoto Anajikuna: Tufanye Nini?



Masika yanapoanza hapa kwetu katika bonde la Kilombero, familia nyingi huhamia mashambani. Baba na mama huenda kupalilia mpunga, na baadaye kuulinda usiliwe na ndege. Watoto wadogo huchukuliwa pamoja nao, wakalala kwenye vibanda vya nyasi pembeni ya maji. Jumapili wanaporudi parokiani, tunawaona wameketi kwenye mkeka mbele ya altare wakijikuna miguu na mikono tangu wimbo wa mwanzo hadi baraka ya mwisho.

Juu ya malaria tumekwisha kuandika mara nyingi katika ukurasa huu, na tutaandika tena. Lakini akina mama wanaofika zahanati wametuuliza swali jingine: "Malaria tunaijua, na chandarua tunacho. Lakini mtoto akiumwa na mbu halali usiku kwa kujikuna. Tumpake nini?" Ni swali la haki, na tulikuwa hatujalijibu. Labda nasi tulidhani ni jambo dogo.

Tuanze na kisa kimoja cha masika yaliyopita. Bibi mmoja alifika na mjukuu wake wa miaka minne.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Nimewaletea huyu. Uso umemvimba tangu juzi, na mkojo wake umekuwa kama chai ya rangi."

Tulipomwangalia mtoto miguuni tukaona makovu mapya, mengine yakiwa bado na gaga la manjano. Tukamwuliza bibi vidonda hivyo vilianza lini.

"Hivyo wala si vidonda. Ni mbu tu wa kule shambani. Alijikuna, vikatoa maji, lakini vimekwisha kukauka. Sasa ni karibu mwezi."

Mbu tu! Kumbe pale alipojikuna kwa kucha chafu, vijidudu vya bakteria viliingia ndani ya ngozi. Bakteria wa aina ya streptokoki huweza kuleta madhara hata baada ya kidonda kukauka. Mwili unapopigana nao, mapigano hayo huumiza figo. Wiki tatu au zaidi baada ya vidonda, uso unavimba asubuhi, mkojo unapungua na kuwa wa rangi nzito, na shinikizo la damu linapanda. Mtoto yule tulimpeleka hospitali. Watoto wengi wa namna hii hupona kabisa wakipata matibabu, naye alipona. Lakini bibi alilala wodini siku tisa, na huku nyuma ndege wakala mpunga wake.

Ndiyo maana mwezi huu tunaona si aibu kutumia ukurasa mzima kwa ajili ya mwasho.

Kwa nini panawasha?

Mbu anayeuma ni jike peke yake. Dume hunywa maji matamu ya maua. Jike anahitaji damu ili kukuza mayai yake. Anapochoma ngozi, kwanza huingiza mate yake kidogo, na mate hayo yana kitu kinachozuia damu isigande anapoinywa. Mate hayo ni kitu kigeni mwilini mwetu. Basi, kinga ya mwili ikiyatambua hutoa kemikali iitwayo histamini. Hiyo histamini ndiyo inayopanua mishipa midogo ya damu, ikavimbisha ngozi na kuamsha mwasho. Kwa hiyo ule uvimbe ni kazi ya mwili wetu wenyewe ukipambana na mate ya mbu. Hakuna mwiba uliobaki ndani, wala sumu ya kukamuliwa. Tunasema hivi kwa sababu tumeona watu wakipakamua kwa kucha mpaka damu itoke.

Mwasho huja mara mbili. Wa kwanza hutokea dakika chache tu baada ya kuumwa: ngozi inainuka kama kidonge, kisha hutulia. Wa pili huja kesho yake au keshokutwa, kipele kigumu kinachowasha kwa siku kadhaa. Huu wa pili ndio unaowachanganya wazazi. Mtoto aliumwa Jumamosi shambani, anajikuna Jumatatu nyumbani, na mama anadhani mbu wameingia ndani ya nyumba, au mtoto amekula kitu kibaya.

Tena watu hawafanani. Mtoto mchanga anapoumwa mara za kwanza huenda asionyeshe dalili yoyote, maana mwili wake haujayajua mate hayo. Akiendelea kuumwa, mwili hujifunza kuyatambua, na hapo mwasho huanza. Watoto wa kati ya miaka miwili na kumi ndio wanaoteseka zaidi. Pengine vipele vya zamani vilivyokwisha kutulia huamka tena mtoto anapoumwa mahali pengine. Akiishi miaka mingi penye mbu, mwili huzoea, ndiyo sababu bibi anaumwa usiku kucha bila kujali, wakati mjukuu analia. Vivyo hivyo mgeni kutoka mahali pa baridi kama Njombe akija kwetu huvimba kuliko wenyeji. Msimcheke, wala msiseme ana damu chafu. Na habari ya "damu tamu" nayo si kweli. Mbu hufuata pumzi, joto na harufu ya mwili, na mama mjamzito huwavuta kuliko wengine.

Namna ya kutuliza

Kumwambia mtoto wa miaka mitatu "acha kujikuna" ni maneno matupu. Hata sisi watu wazima hatuwezi. Lazima mwasho wenyewe upunguzwe, kisha mikono ipewe kazi nyingine.

Jambo la kwanza ni kuosha mahali palipoumwa kwa maji safi na sabuni ya kawaida, hata sabuni ya mche inafaa. Suuza vizuri, maana sabuni iliyobaki hukausha ngozi na kuongeza mwasho.

La pili ni baridi, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo dawa bora kwa familia ya kijijini, kwa sababu haina gharama. Chovya kitambaa safi katika maji ya mtungi, kamua kidogo, weka juu ya kipele kwa muda wa dakika 10. Kikipata joto, chovya tena. Baridi hupunguza uvimbe na kufanya neva za ngozi zisipeleke habari ya mwasho. Mwenye kupata barafu aifunge kwanza ndani ya kitambaa, maana barafu ikigusa ngozi moja kwa moja kwa muda mrefu huichoma. Fanyeni hivyo hasa kabla ya kulala, kwa kuwa usiku mtoto hana la kumshughulisha, na hujikuna hata akiwa usingizini.

Wakati mwasho unapokuja kwa nguvu, mfundishe mtoto kupabonyeza kwa kidole au kupapigapiga kwa kiganja, badala ya kupakwaruza. Tumeona watoto wakiufanya mchezo. Kucha zikatwe fupi kila wiki na zisafishwe. Mtoto mdogo sana anaweza kuvalishwa soksi mikononi wakati wa kulala. Kama ni kucha tu zilizokatwa, yule mjukuu wa bibi asingelazwa. Hilo tunalisema kwa uzito.

Wengine wametuuliza juu ya soda. Ile bikaboneti ya kuumulia keki inafaa: changanya kijiko kikubwa kimoja na maji kidogo sana mpaka iwe kama uji mzito, paka juu ya kipele, ngoja dakika 10, kisha osha. Lakini tahadhari! Hatusemi magadi ya kulainishia maharage, wala ile soda ya kutengenezea sabuni. Magadi huchubua ngozi, na soda ya sabuni huiunguza vibaya kabisa. Kama huna hakika ni ipi uliyo nayo jikoni, iache, rudi kwenye kitambaa chako cha maji baridi.

Katika maduka ya dawa kuna maji mazito ya rangi ya waridi yaitwayo kalamini. Hutikiswa, hupakwa kwa pamba juu ya vipele, yakakauka na kutuliza. Hayafai kupakwa kwenye kidonda kilicho wazi, karibu na macho, wala mdomoni. Ipo pia krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1, ambayo hupakwa kidogo sana juu ya kipele chenyewe kwa siku chache tu. Kwa mtoto mdogo, muulizeni kwanza mhudumu wa afya.

Kuna vidonge vya kupunguza nguvu ya histamini. Vinavyojulikana sana ni klorofeniramini, ambavyo wengi huviita Piriton. Vinasaidia, lakini vinaleta usingizi. Anayeendesha bodaboda au mashine ya kukoboa asivitumie akiwa kazini, na asivichanganye na pombe. Setirizini hailetei watu wengi usingizi kama hivyo. Kwa watoto, kipimo hutegemea umri, basi msikate kidonge kwa kukisia, na mtoto mchanga asipewe kabisa bila kuonwa na mhudumu wa afya. Tusingependa kusikia kwamba mama amempa mtoto Piriton kila usiku ili tu alale na nyumba itulie.

Vitu vya kuacha

Mafuta ya taa, majivu, kinyesi cha ng'ombe, maji ya betri: vyote hivyo tumevikuta kwenye ngozi za watoto. Majivu na kinyesi juu ya ngozi iliyochubuka vinaweza kuleta pepopunda. Ndimu nayo ina hatari ambayo wengi hawaijui: mtu akipaka maji yake kisha akaenda juani, ngozi inaweza kuungua, kupata malengelenge na kubaki na weusi kwa wiki nyingi. Dawa ya meno hupoza kwa dakika chache, halafu huunguza kidogo. Hatuikatazi kwa ukali kama majivu, lakini hatuisifu.

Jambo linalotusikitisha zaidi ni zile krimu kali. Siku hizi dukani mtu akisema tu "mtoto anawashwa", anauziwa tyubu yenye klobetasoli, dawa ileile ambayo wengine huichanganya katika mkorogo wa kujichubua. Mwasho hukoma haraka, ndiyo sababu watu huzisifu. Lakini zikitumika ovyo hupunguza unene wa ngozi, huacha mabaka meupe na michirizi, na kama tayari kuna bakteria au fangasi, huwapa nafasi ya kuenea wakati juu panaonekana pametulia. Uso wa mtoto usipakwe kabisa dawa hiyo pasipo amri ya daktari.

Kipele kikigeuka kidonda

Mtazameni mtoto kila jioni mnapomwogesha. Kipele cha mbu hutulia chenyewe ndani ya siku chache, labda wiki moja. Kikianza kutoa majimaji yanayokauka na kuwa gaga la manjano kama asali, au kikawa na usaha, hiyo si kazi ya mbu tena. Bakteria wameingia. Osheni kwa maji na sabuni mara mbili kwa siku, lainisheni gaga kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu bila kulibandua kwa nguvu, funikeni kwa kitambaa safi, na mpelekeni mtoto zahanati. Kitambaa chake, taulo na kanga anayojifutia zisitumiwe na wengine, maana vidonda hivi huambukiza. Mara nyingi tunawapokea ndugu watatu wa nyumba moja, wote na gaga lilelile.

Wapo wanaofungua kapsuli za rangi mbili na kunyunyiza unga wake kidondani. Tafadhali tuache. Unga ule haukutengenezwa kwa kidonda, na bakteria huzoea dawa zinazotumika hivyo. Antibiotiki itolewe na mhudumu wa afya, na imalizwe siku zote alizoagiza.

Vitabu vingi vya wenzetu wa Ulaya vinasema "angalia kama ngozi imekuwa nyekundu". Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu huenda usionekane. Tumieni kiganja: je, pana joto kuliko upande wa pili? Je, pamekaza, panang'aa, panauma ukigusa, uvimbe unapanda mguu? Mtoto ana homa? Hapo msingoje kesho. Vilevile uso kuvimba au mkojo kuwa na rangi ya chai, hata kama vidonda vilipona zamani. Na ikitokea mtu ameumwa na mdudu wowote, kisha midomo ikavimba na pumzi ikabana, hiyo ni dharura ya saa ileile, ingawa kwa mbu ni nadra sana.

Weusi unaobaki baada ya kipele kupona hauhitaji dawa. Hufifia wenyewe, pengine kwa miezi kadhaa.

Pengine si mbu

Vipele vya mbu huwa mahali palipokuwa wazi: miguu, mikono, uso. Vipele vikiwa katikati ya vidole, viwikoni, kiunoni na sehemu za siri, mwasho ukizidi usiku, na nyumba nzima ikijikuna, huo ni upele, nao una dawa yake ambayo hupakwa na watu wote wa nyumba siku moja. Vipele vilivyojipanga mstari asubuhi baada ya kulala kitanda cha kamba, wakumbukeni kunguni.

Wazee wetu watakumbuka pia mwasho wa klorokwini, ambao uliwafanya wengi wamfiche sista vidonge chini ya ulimi. Mwasho ule ulitokana na dawa yenyewe. Hapa Tanzania Bara klorokwini iliachwa kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, na dawa mseto inayotumika sasa haina sifa hiyo ya kuwasha. Basi asiwepo wa kuikwepa kwa kumbukumbu ya zamani.

Swali moja huja kila mwaka: je, mbu anaambukiza UKIMWI? Hapana. Virusi vya UKIMWI haviwezi kuishi na kuzaana ndani ya mbu, na mbu akiuma huingiza mate yake, haingizi damu ya mtu aliyemuuma kwanza. Lakini mtu mzima anayepata vipele vigumu vya kuwasha sana mikononi na miguuni, visivyopona kwa miezi, afike kupima damu. Mara nyingi mwili uliopungukiwa kinga huonyesha hivyo, na mtu akianza dawa za ARV hata mwasho hupungua.

Homa ni habari nyingine

Ukubwa wa kipele hausemi lolote juu ya malaria. Mbu aina ya anofelesi huuma usiku, na homa huja siku saba au zaidi baadaye, mara nyingi kati ya siku 10 na 15, wakati kipele kimekwisha kusahaulika. Kwa hiyo mtoto mwenye homa apimwe siku hiyohiyo au kesho yake, awe na vipele au asiwe navyo. Yule mbu wa mchana mwenye madoa meupe miguuni ni edesi. Yeye huleta homa ya dengue, iliyosumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, na pia chikungunya. Ugonjwa huo wa chikungunya uligunduliwa kusini mwa nchi yetu, kwa Wamakonde, mwaka 1952, na jina lake ni la Kimakonde, kwa jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Katika homa ambayo haijapimwa, tumieni parasetamoli tu. Aspirini na diklofenaki zinaweza kuzidisha kutoka damu kama ni dengue.

Kuhusu kujikinga mnajua mengi, nasi hatutarudia yote. Tunaongeza moja tu ambalo linahusu mwasho. Chandarua kipya chenye dawa kikitolewa kwenye mfuko na kufungwa kitandani usiku huohuo, baadhi ya watu huwashwa uso na mikono, kisha wanakitupa au kukifanya wigo wa bustani ya mchicha. Kitundikeni kwanza kivulini siku nzima na usiku wake, ndipo mlale ndani yake. Kikichafuka kifueni kwa maji baridi na sabuni laini, kikaushwe kivulini, na maji yake yasimwagwe mtoni, maana dawa ile huua samaki.

Bibi yule amekwenda tena shamba masika haya, na mjukuu yupo naye. Safari hii amebeba chandarua, kipande cha sabuni na wembe mpya wa kucha, na mtungi wa maji umewekwa kivulini nyuma ya kibanda. Alipopita zahanati kutuaga alimwonyesha sista miguu ya mtoto. Kulikuwa na vipele vinne, vyote vikavu.

Mwezi ujao, Mungu akitujalia, tutamjibu baba aliyetuuliza juu ya funza wa miguuni.